Njaa ya mgonjwa wa kisukari si ulafi: tuzungumze homoni za njaa na shibe, na dawa zilizotokana nazo

SistaWaKliniki (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni muuguzi, nimekaa kliniki ya kisukari miaka kumi na moja. Uzi huu nimeuahirisha mara nyingi kwa sababu unaanza na kosa langu mwenyewe.

Miaka ya mwanzo alikuja mama mmoja wa makamo, muuza samaki. Sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 14, na kila kliniki uzito umepanda. Nikamuuliza anakula nini. Akaniambia, "Mwanangu, nakula nashiba. Nikimaliza kuosha sahani njaa imesharudi." Nikamjibu mbele ya wenzake waliokaa kwenye benchi: mama, zuia mdomo. Alikunja kadi yake, akainama, akaondoka. Hakuonekana miezi saba. Aliporudi alikuwa na kidonda mguuni.

Leo najua alikuwa ananieleza dalili, kama vile mwingine anavyokueleza kikohozi. Sehemu ya njaa ile ilitokana na sukari yenyewe: damu imejaa glukosi lakini haiingii kwenye seli ipasavyo, basi mwili unaona kama haujala. Sehemu nyingine ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu, nayo ni mazungumzo ya utumbo, kongosho na ubongo.

Tumbo likiwa tupu linatoa homoni inayoitwa grelini. Masayasu Kojima na Kenji Kangawa waliigundua Japani mwaka 1999. Inapanda kabla ya mlo, inashuka ukishakula. Mafuta ya mwilini nayo yanatoa leptini, ambayo timu ya Jeffrey Friedman kule New York iliitambua mwaka 1994. Kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Kongosho linapotoa insulini linatoa na mwenzake, amilini, anayepunguza mwendo wa chakula tumboni. Halafu iko ile inayotoka sehemu za chini za utumbo chakula kinapopita. Jina lake ni GLP-1, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Miaka ya 1960 watafiti walionyesha jambo hili. Mtu akinywa glukosi, kongosho lake linatoa insulini nyingi kuliko akipewa glukosi kwa dripu, hata pale sukari ya damu inapofanywa iwe sawa. Kama kongosho lingekuwa linasikiliza damu peke yake, insulini ingelingana. Maana yake utumbo unatuma salamu: chakula kinakuja, jiandaeni. Kwa mtu mzima wa afya, salamu hizo zinachangia sehemu kubwa ya insulini inayotoka baada ya kula. Wajumbe wake wakuu wawili ni GIP, iliyojulikana mwanzoni mwa miaka ya 1970, na GLP-1. Umbo la GLP-1 linalofanya kazi lilithibitishwa mwaka 1987, Boston kwa kazi ya Svetlana Mojsov na Joel Habener, na Copenhagen kwa Jens Juul Holst.

Sasa sikieni kilichonigusa mimi. Kwa mgonjwa wa kisukari aina ya pili, salamu hizo zimefifia. Kongosho halimsikii tena GIP vizuri. Lakini GLP-1, ukimpa ya kutosha, bado linamsikia. Mwaka 1993 Michael Nauck na wenzake Ujerumani waliwapa wagonjwa GLP-1 kwa dripu wakiwa hawajala, na ndani ya saa chache sukari yao ikashuka hadi kiwango cha kawaida. Ilipofika hapo haikuendelea kuporomoka, kwa sababu homoni hii inasukuma insulini pale tu sukari inapokuwa juu. Sisi tuliozoea kumkimbizia mgonjwa soda ya dharura saa kumi alfajiri tunaelewa uzito wa jambo hilo.

Tatizo lilikuwa moja: GLP-1 ya mwili haikai. Kimeng'enya kiitwacho DPP-4 kinaikata ndani ya dakika mbili hivi. Huwezi kumtundikia mtu dripu maisha yake yote.

Mlango ulifunguliwa na mjusi. Daktari John Eng, kwenye hospitali ya maveterani huko Bronx, New York, alichunguza sumu ya mjusi wa jangwani wa Marekani aitwaye Gila, na mwaka 1992 akatangaza homoni inayofanana na GLP-1 lakini isiyokatwa upesi. Kutoka hapo ikatengenezwa eksenatidi, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa jina la Byetta, sindano mbili kwa siku. Denmark, timu ya Lotte Bjerre Knudsen ikachukua njia nyingine: waliifunga GLP-1 kwenye kipande cha mafuta ili ing'ang'anie protini ya damu. Ikazaliwa liraglutidi, sindano moja kwa siku, kisha semaglutidi, sindano moja kwa wiki. Hiyo semaglutidi ndiyo Ozempic, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017 kwa ajili ya kisukari. Narudia, kisukari. Habari za kupunguza mwili zilikuja baadaye kwa jina la Wegovy, mwaka 2021.

Ndani ya mwili inafanya hivi: inalisaidia kongosho kutoa insulini, inazuia glukagoni ambayo hulichochea ini kumwaga sukari, inachelewesha chakula kutoka tumboni, na inafika kwenye sehemu za ubongo zinazoamua kama umeshiba. Hiyo ya mwisho ndiyo aliyokuwa anaikosa mama yule wa samaki.

Ulizeni. Nitajibu ninachokijua kwa hakika, na penye kazi ya daktari nitasema nendeni kwa daktari.

---

Kijana wa Ilala

Shukrani sista. Naomba kuuliza: kama leptini ndiyo inayouambia ubongo akiba ipo, kwa nini wasitupe leptini tu tukamaliza?

---

SistaWaKliniki

Hilo walilitumaini sana mwaka 1994, mdogo wangu. Panya waliozaliwa bila leptini walikuwa wanene kupita kiasi, wakichomwa leptini wanapungua. Lakini binadamu wengi wenye uzito mkubwa wanayo leptini tele, maana wana mafuta mengi ya kuitoa. Ubongo ndio umeacha kuisikiliza. Kuongeza leptini hapo ni kumpigia kelele mtu aliyeziba masikio.

Kuna wachache inawafaa kweli: wale ambao mwili wao umekosa tishu ya mafuta, kwa kurithi au kwa ugonjwa. Hao wana leptini kidogo mno, njaa kali, na kisukari kisichosikia hata insulini nyingi. Dawa yao, metreleptini, iliidhinishwa Marekani mwaka 2014. Amilini pia ilipata dawa mwaka 2005, pramlintidi, ila huchomwa kila mlo pamoja na insulini, na haikuenea.

---

Mzee wa Tandale

Mwanangu, mimi nina miaka 68, kisukari nimeishi nacho miaka ishirini. Babu zetu walikula ugali na hawakujua sindano. Naona kila ugonjwa sasa unatafutiwa dawa ya Ulaya, na anayefaidika ni kampuni. Watu wale mboga, watembee.

---

SistaWaKliniki

Shikamoo mzee wangu. Kula mboga na kutembea hakuna daktari anayekupinga, na kila maelekezo ya matibabu ya kisukari yanaanzia hapo, hata kwa mtu anayechoma sindano.

Ila naomba unisikilize kidogo. Mgonjwa akipungua kilo kumi kwa kujinyima, mwili wake haukai kimya. Grelini inapanda, leptini inashuka, na hali hiyo inaweza kuendelea mwaka mzima baada ya yeye kupungua. Kwa hiyo yule unayemwona amerudi kunenepa hakukosa msimamo. Alikuwa anashindana na mwili wake mwenyewe mchana na usiku. Babu zetu walilima kwa jembe kutwa, unga ulikuwa wa kinu, na soda haikuwa kila kona. Kuwataka wajukuu wao, walio kwenye daladala na kiti cha ofisi, washinde kwa nia peke yake, mimi naona tunawaonea.

Chakula nacho kinaamsha homoni hizihizi. Ukianza na mboga na samaki au maharage, ugali ukaja mwisho, sukari baada ya mlo hupanda kidogo kuliko ukianza na ugali. Ufumwele wa maharage, dengu na mboga ukifika utumbo mpana, bakteria wanauchachusha, na mazao yake yanazichochea seli zinazotoa GLP-1. Ni msaada wa kweli. Ila GLP-1 ya chakula ni ya dakika, ya sindano ni ya wiki, hivyo asitokee mtu akakuuzia unga wa mbegu akasema ni Ozempic ya asili.

---

Mzee wa Tandale

Marahaba. Hilo la ugali mwisho nitalijaribu, mashine ya kupima ninayo.

---

Mama Wawili

Dada habari. Mwanangu ana miaka tisa, ana kisukari aina ya kwanza, anachoma insulini mara nne kwa siku. Vidole vyake vimejaa alama. Je, sindano hii ya wiki inaweza kuchukua nafasi ya insulini? Nimesoma uzi wote nikiombea jibu liwe ndiyo.

---

SistaWaKliniki

Dada yangu, hapana, na nakwambia waziwazi kwa usalama wake. GLP-1 inalihimiza kongosho litoe insulini. Kwa mtoto wako seli zinazotengeneza insulini zimeharibiwa na kinga ya mwili wake, hakuna wa kuhimizwa. Mtu akikushauri usimamishe insulini hata siku moja, mtoto anaweza kuingia kwenye hali ya sumu ya ketoni, yaani tindikali inayojaa kwenye damu insulini ikikosekana, na inaua. Insulini ndiyo iliyomwokoa yule mvulana wa miaka 14 wa Toronto, Leonard Thompson, Januari 1922, na kwa aina ya kwanza bado haina mbadala.

Kwenye vidole, mchome pembeni mwa ncha, si katikati, na ubadilishe kidole kila mara. Uliza pia kliniki yenu kama kuna mpango wa insulini na vipimo vya bure kwa watoto, maeneo mengi upo.

---

Mama Wawili

Nimeelewa. Asante kwa kutonizungusha.

---

Fundi Jokofu

Mimi natumia semaglutidi mwezi wa tano sasa, aliniandikia daktari wangu wa kisukari. Nieleze ilivyokuwa ili wengine wasiogope wala wasidanganyike.

Wiki nne za kwanza ni dozi ndogo, miligramu 0.25, ambayo daktari aliniambia haikusudiwi kushusha sukari bali kuuzoesha mwili. Kichefuchefu kilinikamata siku ya pili baada ya kila sindano. Nilipopanda 0.5 nilitapika mara mbili, na zote nilikuwa nimekula chipsi kuku sahani nzima kama zamani. Nikajifunza kula kidogo, kuacha mafuta mengi, na kusimama shibe inapofika. Choo nacho kilikuwa kigumu mpaka nikaongeza maji na mapapai.

Lakini jambo moja sikutegemea. Miaka yote nikitoka kazini napita penye mishikaki, kichwa kinanishika: nunua, nunua, mara moja tu. Nilikuwa najiona mtu dhaifu. Mwezi wa pili nikapita pale, nikafika nyumbani, ndipo nikakumbuka kwamba nimepita. Nilikaa kwenye kochi nikalia, wakuu. Miaka kumi na mbili mke wangu ananiambia sijipendi.

Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimeshuka kutoka asilimia 9.8 hadi 7.1. Bei ndiyo inayoniumiza. Pesa ya kalamu moja ya mwezi ningenunulia vidonge vya kisukari vya metformini vya mwaka mzima.

---

SistaWaKliniki

Fundi, asante sana. Nimemsomea mwenzangu wa zamu ujumbe wako.

Watu wasome hapo alipotapika. Dawa inachelewesha chakula tumboni, ukilazimisha sahani ya zamani hakina pa kwenda. Kutapika kusikokoma, au maumivu makali ya tumbo yanayopenya mgongoni, ni hospitali siku hiyohiyo, maana kongosho linaweza kuvimba, ingawa ni nadra. Mawe ya kifuko cha nyongo pia yapo. Ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie daktari wa usingizi kwamba unachoma dawa hii.

Aliye na saratani ya tezi ya shingo ya aina ya medula, au iliyo katika ukoo wake, haimfai. Mwanamke anayepanga ujauzito anatakiwa awe ameacha semaglutidi angalau miezi miwili kabla.

Na jicho. Utafiti wa mwaka 2016 wa watu 3,297 wenye kisukari na hatari kubwa ya moyo ulionyesha semaglutidi ikipunguza kwa asilimia 26 vifo vya moyo, mishtuko ya moyo na viharusi vikihesabiwa pamoja. Humohumo matatizo ya retina yalizidi kidogo, 3.0 kwa mia dhidi ya 1.8 kwa wasioipata, hasa kwa waliokuwa tayari na jicho lililoathirika na sukari yao ikashuka kwa kasi. Kwa hiyo pima macho kabla ya kuanza.

---

Mfamasia wa Mtaani

Naongezea upande wa duka. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari ya Ozempic bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Zikipenya huko, msidhani kwetu hazipenyi. Kalamu inayouzwa kwenye ukurasa wa urembo, bila cheti cha daktari, bila boksi, imekaa kwenye kabati la vipodozi, msiiguse. Na msigawane kalamu, hata mke na mume, hata mkibadilisha sindano.

Kabla ya kufunguliwa inakaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8. Ikiganda barafu, itupwe. Ikishafunguliwa inaweza kukaa nje wiki kadhaa ilimradi joto lisipite nyuzi 30, na chumba cha bati Dar mwezi wa pili kinapita hapo mchana.

Kuhusu bei, nina matumaini kiasi. Septemba 2025 Shirika hilohilo liliingiza semaglutidi na ndugu zake dulaglutidi, liraglutidi na tirzepatidi kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari aina ya pili wenye ugonjwa wa moyo au figo pamoja na unene. Na hataza ya semaglutidi, yaani haki ya kampuni moja kuitengeneza peke yake, India na China mwisho wake ni 2026. Dawa nyingi tunazouza zinatoka India.

---

Bint Unguja

Assalaam alaykum. Nimefurahi kuuona uzi huu. Kaka yangu yuko Muscat, anataka kumletea mama kalamu za semaglutidi kwenye begi. Mama ana miaka 61, anatumia metformini na Daonil (glibenklamidi), na kliniki walisema figo zinaanza kuvuja protini. Ramadhani imebaki mwezi na siku kadhaa naye hataki kusikia habari ya kutofunga. Tufanyeje?

---

SistaWaKliniki

Waalaykum salaam dada. Hapa nisome polepole.

Kwanza kaka asilete chochote mpaka daktari wa mama aseme. Akiruhusu, kalamu ziwe kwenye mfuko wa baridi anaoubeba mkononi, si begi la chini, na zisigusane na barafu yenyewe.

Pili, hatari kubwa ya mama si GLP-1, ni Daonil. Daonil inalikamua kongosho hata kama sukari iko chini. Ukiweka dawa inayopunguza hamu ya kula juu ya Daonil, ukaongeza saa kumi na tatu za funga, sukari inaweza kushuka akaanguka. Daktari anaposhika sindano hizi mara nyingi hupunguza Daonil au huiondoa.

Tatu, usimwanzishie karibu na Ramadhani. Wiki za mwanzo ndizo za kichefuchefu, na mtu anayetapika, anayefunga, mwenye figo dhaifu, anakauka maji upesi. Mpelekeni kliniki wiki hii, si wiki ya mwisho ya Shaabani. Waulize wazi kama funga ni salama kwake, na akifunga sukari ikishuka chini ya 3.9 afungulie palepale.

Kuhusu figo, mna sababu nzuri ya kuulizia dawa hii. Utafiti wa mwaka 2024 wa watu 3,533 wenye kisukari aina ya pili na ugonjwa sugu wa figo ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imeonekana: matukio makubwa ya figo pamoja na vifo vinavyotokana na figo au moyo yalipungua kwa asilimia 24.

---

Kijana wa Ilala

Swali la mwisho sista. Mtu akiacha?

---

SistaWaKliniki

Njaa inarudi, na sukari inapanda. Kwenye utafiti mmoja wa watu wenye unene wasio na kisukari, mwaka mmoja baada ya kuacha semaglutidi walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito waliopungua. Ndiyo maana naipigania bei. Dawa ya presha mtu akiiacha presha ikapanda, hatusemi dawa ilikuwa ya uongo. Lakini ukimwanzishia mgonjwa kwa miezi mitatu kisha pesa ikakata, umemrudisha alikotoka, na safari hii na misuli imepungua. Anayeanza ajue mapema atalipaje, na ale protini na kubeba vitu vizito kidogo ili misuli ibaki.

---

Bint Unguja

Narudi na habari. Tumempeleka mama. Daktari amepima figo na macho, Daonil ameiondoa kabisa, ameweka dawa nyingine ya vidonge inayosaidia na figo, na kasema sindano tutaizungumza baada ya Idi. Kufunga, ameambiwa ajaribu siku moja moja huku akipima mara nne.

Mama amekubali yote. Ila nilipomsomea uzi huu alinyamaza sana pale kwa yule muuza samaki, halafu akauliza, "Huyo sista alimwambia nini aliporudi?"

---

SistaWaKliniki

Mwambie nilimwomba radhi. Nilimfunga kidonda nikiwa nimepiga magoti, nikamwambia mama, lile neno la siku ile nilikosea. Akanishika kichwa. Tulipambana na mguu ule miezi minne na hatukuupoteza. Bado anauza samaki, na kila akija kliniki namuuliza kwanza njaa yake ikoje, kisha ndiyo napima sukari.

---

Bint Unguja

Nimemsomea. Sasa anauliza kama kwenye futari anaruhusiwa ndizi mbivu ya nazi.

---

SistaWaKliniki

Nusu, dada. Aanze na maji na tende moja, kisha samaki na mchicha, ndizi ije mwisho. Apime saa mbili baada ya hapo, mniandikie imesoma ngapi.